Sindano kando ya turubai: kazi za kushona nyumbani wakati wa mahindi

Wale mnaolima huku Kiryandongo na Masindi, Uganda, mnajua mahindi yetu yanakuja mara mbili kwa mwaka. Ya kwanza tunapanda na mvua za Machi na Aprili tunavuna Julai kuelekea Agosti, ya pili tunapanda Agosti na Septemba halafu tunavuna Desemba mpaka Januari. Sasa kati ya kuvuna na kuuza kuna kazi ambayo hakuna anayeihesabu kama kazi, nayo ni kukaa na mahindi. Yamemwagwa kwenye turubai uani, lazima mtu akae hapo afukuze kuku na mbuzi, ayageuze, aangalie mawingu, siku nzima hivyo. Mara nyingi ni mama au bibi, watoto wakiwa likizo ni wao.

Mimi nasema huyo mlinzi wa turubai ndiye fundi wa nyumba. Ila kazi utakayompa iwe ya kwamba wingu likifunga upande wa Karuma anaitupa kwenye kikapu, anakimbia kukunja turubai, na akirudi baada ya saa nzima anaendelea pale alipoachia bila kutafuta chochote. Ukimpa kitu chenye pini ishirini na vipande vilivyopangwa chini kwa mpangilio, ama mahindi yatanyeshewa ama hiyo kazi itaharibika, na wewe unajua kipi kinalisha familia. Kwa hiyo nje ni mkono, cherehani inabaki ndani kwa kazi ya jioni au siku ya mvua. Mengine yote hapa chini yanafuata hapo.

Vitu vya kuwa navyo

Si vingi. Sindano za kawaida pakiti moja, sindano kubwa ya magunia (ile nene yenye ncha iliyopinda kidogo, wengine huiita shazia), uzi wa pamba mnene, mkasi mmoja wa kitambaa ambao hakuna mtu anakatia kaveera (mfuko wa plastiki) wala karatasi, na kisu au mkasi wa zamani wa magunia. Mshumaa. Kikapu chenye mfuniko. Cherehani kama unayo, ya mkono au ya miguu, zote zinafaa, na kama huna, kazi zote hapa zinawezekana kwa mkono, zitachelewa tu.

Na uzi mwekundu. Hapa naomba usome polepole kwa sababu watu wanapita haraka. Sindano ikidondoka ndani ya mahindi inaingia kwenye gunia, kutoka hapo inaenda kwa mashine ya kusaga au moja kwa moja kwa sufuria ya mahindi ya kuchemsha, na hapo unaongea habari ya koo la mtoto. Kwa hiyo fundi wa turubai anakaa kwenye mkeka wake pembeni, hatua kadhaa kutoka turubai, si juu yake hata kama kivuli kiko huko. Kila sindano inayotoka nje inafungwa uzi mwekundu mrefu ambao hautolewi, hata ile isiyo na kazi imechomekwa kwenye kitambaa na uzi wake unaning’inia. Asubuhi zinahesabiwa zikitoka, jioni zinahesabiwa zikirudi. Ikipungua moja, mahindi ya siku hiyo hayaingii guniani mpaka ipatikane, yapitishwe kwenye chekeche au mtu apitishe sumaku ya spika mbovu, zipo nyingi kwa mafundi wa redio. Watoto wanaipenda sana hiyo ya sumaku.

Hatua ya kwanza, Juni: turubai lenyewe

Kabla mahindi hayajakauka shambani toa turubai, lifungue juani, mwingine akae chini yake aangalie matundu kwa mwanga. Yaliyopo zungushia alama kwa mkaa.

Tundu dogo la turubai la plastiki usilishone, ukilitoboa kwa sindano unaongeza matundu kumi kuziba moja. Bandika kiraka cha plastiki kwa gundi au utepe mpana, pande zote mbili. Penye mpasuko mrefu hapo shona, kiraka kipite mpasuko kwa upana wa vidole vinne kila upande, mshono uzunguke kingo, halafu sugua mshumaa juu ya mishono yote mpaka uzi unateleza kwa nta. Unyevu wa ardhi unapanda kutoka chini hata siku yenye jua kali, ndio maana mahindi yanakauka juu huku chini yana joto la ajabu.

Zile pete za pembeni zikishang’oka hakuna haja ya fundi. Weka kokoto laini kwenye kona, likunjie turubai kwa nje, funga kamba shingoni mwa hiyo kokoto. Hiyo inavuta hadi turubai lote lichakae na kokoto bado ipo.

Kwa nini nahangaika na turubai kwenye mwongozo wa kushona? Kwa sababu mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo ndiyo yanabeba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kirahisi, na hiyo sumukuvu haionekani kwa macho wala haitoki kwa kupika. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, ikafungua tena baada ya siku chache na masharti juu yake, lakini wenye malori walikuwa wameshalala mpakani. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Turubai lenye kiraka kizuri ni pesa.

Hatua ya pili, mwisho wa Juni: magunia

Hii ndiyo kazi kubwa ya msimu na inataka watu wote, baba akiwemo, asikimbie.

Toa magunia yote ya msimu uliopita mbali na stoo, mbali kabisa, kwa sababu fukusi na dumuzi, wale wadudu wa mahindi, wanajificha kwenye mishono na ukiyakung’utia mlangoni umewarudisha nyumbani. Geuza ndani nje. Kung’uta, piga brashi kwenye mishono na kona za chini. Halafu yatumbukize kwenye maji yanayochemka, toa, anika juani mpaka yakauke kabisa, geuza upande wa pili, anika tena. Gunia lenye unyevu ukilijaza mahindi makavu umejiletea ukungu mwenyewe.

Yakikauka yapange mafungu matatu. Mazima. Ya kiraka. Na maiti, hayo ni yale ambayo jua limeyala, ukiyavuta yanavunjika kama majani makavu, hayo hayashoneki hata ukibembeleza. Lakini katika maiti kuna sehemu nzuri, mara nyingi upande uliokuwa umelalia ukuta, hizo kata uzifanye viraka, na zile nyuzi ndefu zilizo nzima chomoa moja moja, ndio uzi wako wa kushonea. Haununui uzi. Watoto wadogo wakae wachomoe nyuzi, zikusanye mafungu ya urefu wa mkono, zifunge.

Fungu la nne ni yale ya mbolea, na yale yaliyobeba mbegu zilizopakwa dawa, zile zenye rangi nyekundu au kijani. Hayo hata yawe mapya yanang’aa hayabebi chakula, hayawi mto, hayawi mfuko wa shule. Yabebe taka na samadi. Kuna watu wanayafua mara tatu wanasema yameisha dawa, mimi sibishani nao, ila kwao sili.

Kiraka cha gunia kinashonwa hivi. Kata kipande kinachozidi tundu kwa kama sentimita tano kila upande. Pitisha kingo kwenye moto wa mshumaa haraka ili zisichambuke, zinayeyuka kidogo na kushikana, usisogee karibu sana maana moshi wake ni mbaya na matone yake yanaunguza, hii ni kazi ya mkubwa. Kunja kingo kwa ndani, weka kiraka upande wa ndani wa gunia ili uzito wa mahindi ukisukume kikae, usikiondoe. Shona mzunguko wa kwanza karibu na ukingo wa kiraka, wa pili karibu na tundu. Mishono ya kurudi nyuma, usiende mbele mbele tu, ule wa mbele mbele ukikatika sehemu moja wote unafumuka bodaboda akiwa njiani.

Chini ya gunia kama mshono umelegea usishone juu ya ule wa zamani, fumua wote, kunja mara mbili, shona upya.

Mdomo utashonwa siku ya kujaza, ila fundisha watoto mapema. Unaacha masikio mawili kwenye kona, unayajaza mahindi kidogo, unayazungushia uzi kwa nguvu, halafu unashona kutoka sikio moja mpaka lingine, mdomo umekunjwa. Masikio ndiyo mpini wa wapakiaji. Gunia lisilo na masikio wanaliburuta, na kazi yako yote ya viraka imekwisha hapo.

Sasa kama unatumia yale magunia ya kuzuia hewa, yenye plastiki mbili ndani na gunia la kawaida nje, kama yale ya PICS, sindano isikaribie. Yanafanya kazi kwa sababu wadudu wanaishiwa hewa humo ndani, tundu moja la sindano linatosha kuharibu. Plastiki ya ndani unaisokota, unaikunja, unaifunga kwa kamba, ya pili vivyo hivyo, na gunia la nje nalo unalifunga kwa kamba. Kagua kila plastiki kwa kuipulizia hewa na kuiminya kabla ya kujaza. Iliyotoboka tia kwenye kazi nyingine, kwa mfano kufunikia cherehani.

Hatua ya tatu, Agosti: zamu ya turubai na kikapu chake

Mahindi yameshapukuchuliwa yamwage yasizidi unene wa sentimita nne hivi, yageuzwe kila nusu saa au zaidi kidogo. Huo ndio mdundo wa fundi wetu, anashona, anainuka, anapitisha reki, anarudi. Kwa hiyo kikapu kinapangwa jana yake usiku na mtu mzima, kila kitu kimeshakatwa na kupigwa bandi (mishono mirefu ya kushikiza), vipande vinavyoenda pamoja vimefungwa pamoja. Mlinzi asikate chochote pale nje.

Kuanzia mwisho wa Agosti mpaka katikati ya Septemba watoto wako likizo na ndio wakati wa kumaliza nguo za shule kabla ya muhula wa tatu. Kushusha upindo wa sketi na suruali, kurudishia vifungo, kuziba matako ya kaptula. Hizo zote zinakubali kuangushwa ghafla. Nikushauri kitu kimoja, mtoto ashone kifungo chake mwenyewe. Kuanzia miaka saba hivi anaweza, vifungo vyake vitakuwa vimekaza ajabu na uzi umezunguka kama kiota, viache hivyo, havitoki. Na wavulana pia, jamani. Mafundi wa suti wangapi mjini ni wanaume na wanalipwa.

Kazi nyingine ndogo ya zamu ni vikinga vidole vya kupukuchulia. Wanaopukuchua kwa mkono wanajua dole gumba linavyoisha. Chukua mguu wa jinzi la mivumba (mitumba), weka dole gumba juu ya kitambaa, chora kwa nafasi ya kidole kimoja pembeni, kata vipande viwili, shona kuzunguka ukiacha chini wazi, geuza, tia utepe wa kufungia kwenye kifundo cha mkono. Tengeneza vya watu wazima na vya watoto, maana cha mkubwa kikichomoka kwenye mkono wa mtoto kinaingia kwenye mahindi.

Kujua kama mahindi yamekauka: chukua chupa ya kioo kavu yenye mfuniko, jaza mahindi theluthi moja, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, iache itulie kama dakika kumi na tano. Chumvi ikigandia kwenye kioo bado, unyevu uko juu ya asilimia 15. Isipoganda yameshuka chini ya hapo, yape jua zaidi kufikia kile kiwango cha soko. Chumvi yenyewe ikiwa mbichi itakudanganya, ikaange kwanza.

Hatua ya nne, jioni na siku za mvua: blanketi la viraka

Hii ndiyo watu wananiuliza zaidi, na ndiyo inayoleta familia mezani. Vitenge vya zamani, mashati, mashuka, foronya, lolote la pamba ambalo halijachoka sana. Usichanganye nailoni na pamba, mshono wa katikati utapasua ile dhaifu.

Kata kadibodi ya boksi ya mraba, sentimita 20 kwa 20, hiyo ndiyo kipimo cha wote, na kila mtu akate kwa kadibodi hiyo hiyo, kila mtu akijikatia yake hazitakutana. Unahitaji miraba 80. Ukishona kwa nafasi ya sentimita moja kila upande, kila mraba unabaki 18, kwa hiyo safu ya miraba nane ni sentimita 144 na safu kumi ni 180. Inatosha kitanda cha watoto wawili.

Panga miraba yote sakafuni kwanza, waachie watoto wapange, watagombana kidogo kuhusu kitenge cha nani kiko katikati, waache. Ukiridhika chukua safu ya kwanza, ibebanishe kwa mpangilio, ifunge na karatasi yenye namba 1, ya pili namba 2, mpaka 10. Hapo sasa kila safu ni kazi inayojitegemea, inaweza kuingia kwenye kikapu cha turubai kesho yake, mtu anashona miraba nane tu mpaka iwe utepe mmoja mrefu. Safu zikimalizika unaziunganisha kwa cherehani ndani, ukilaza mishono kwa pasi ya mkaa, safu moja mishono ilale kulia inayofuata kushoto, ili zikikutana zisijenge kifundo kinene ambacho sindano ya cherehani inavunjikia.

Chini weka shuka zima la sentimita 154 kwa 190, katikati blanketi lililochakaa lenye ukubwa sawa na viraka. Hakuna haja ya kushona mistari juu yote. Kila mahali kona nne zinapokutana, pitisha uzi mnene kutoka juu kwenda chini na kurudi, funga mara mbili, kata ukiacha mkia mfupi. Hapo ndipo mzee wa nyumba anaposaidia, kufunga mafundo hakuhitaji macho makali. Mwisho lile shuka la chini linalozidi pembeni unalikunja mara mbili kuja mbele, unalishonea, limekuwa upindo.

Litachukua msimu wote na pengine mwingine. Sawa tu.

Hatua ya tano, Januari: godoro na mto wa maganda

Mavuno ya pili yana raha yake, jua ni kali, mvua haipo, mahindi yanakauka haraka, na watoto wako nyumbani mpaka shule zifunguliwe Februari. Huo ndio wakati wa maganda.

Wakati wa kumenya tenga maganda ya ndani, yale meupe laini. Ya nje yaliyokauka na udongo mpe ng’ombe wala usiyalazimishe, na yenye ukungu au madoa meusi hata ng’ombe usimpe. Anika mpaka yanalia ukiyashika. Halafu kila mtu na uma wake, unachana ganda kutoka juu kwenda chini liwe nyuzi nyuzi. Hii inachosha mikono, ifanyeni jioni mkipiga stori, chezeni redio. Kazi ya gunia zima haiishi siku moja.

Mfuko ushonwe kwa pamba nzito iliyofumwa kwa kubana, maganda yana ncha, kwenye kitambaa chepesi yatamchoma mtoto usiku. Kwa godoro la mtoto la sentimita 90 kwa 180 kata kitambaa ukiongeza kumi kila upande maana likijazwa linavimba na kufupika. Mishono yote mara mbili. Juu, katikati, acha mpasuo wa sentimita 40 wenye vifungo au kamba za kufunga, hapo ndipo mkono unaingia kila asubuhi kulichambua lisigandamane. Godoro bila mpasuo huo kufikia Machi ni ubao. Jaza kupita kiasi, utaona limekuwa kama tumbo la mjamzito, litashuka lenyewe.

Anza na mto kama hujawahi, ni maganda kidogo na unajifunza.

Mtoto anayekojoa kitandani usimpe hili, labda ukitandika plastiki juu, maganda yakilowa yanaoza. Na tadooba (kibatari) wala mshumaa usiwekwe karibu kabisa, maganda makavu yanashika moto haraka kuliko nyasi, tumia taa ya solar. Kila baada ya mavuno mwaga ya zamani kwenye shimo la mbolea, fua mfuko, ugeuze juani siku nzima, ujaze mapya. Ndio maana nasema vifungo, usije ukaushona ukafunga moja kwa moja.